Mwaka Huu Tunazunguka kwa Kuume

Lucien: Alo? Ni nani huyo? Numero hii siijui.

Jérôme: Ni mimi.

Lucien: Mimi nani? Watu wanaitwa "mimi" wako wengi hapa Bule.

Jérôme: Jérôme. Wa ku pisti ya mbio za baiskeli.

Lucien: Yaya! Yaya Jérôme! Mungu wangu— ngoja, usikate, ngoja nipande kidogo, hapa rezo ya simu inashikaka paka tu juu ya kichuguu— [upepo] —unanisikia sasa?

Jérôme: Nakusikia.

Lucien: Simu yako ilienda wapi? Hii ni ya nani?

Jérôme: Ya... ya rafiki.

Serge [kwa chini]: Weka sauti ya inje. Nataka kumusikia na masikio yangu.

Jérôme [anafunika simu kwa mkono]: Nimeshaweka, Serge. Sogeza hiyo panga mbali na mutoto, tafazali.

Serge: Panga iko mahali pake. Mwambie akuje siku ya Mungu, Jumapili, kuna mbio. Akikuja, weye na Mama Ketsia na mutoto munalala salama. Asipokuja, nitajua ni nani alimuonya.

Jérôme: Niache nimusalimie kwanza. Mutu akiitwa bila salamu anashituka.

Lucien: Yaya? Umepotea?

Jérôme: Niko. Habari ya huko?

Lucien: Huko ni huko. Tuko hai, tunamushukuru Mungu. Mama anakohoa. Nyumba walichoma, nilikuambia? Sikukuambia, simu yako ilikuwa imefungwa. Tunalala ku masomo, mu klasi ya kwanza, chini ya ubao. Kila asubui nikifungua macho nasoma a, e, i, o, u. [anacheka] Nitamaliza primeri mara ya pili, yaya! Na weye? Mama Ketsia? Ketsia anatembea?

Jérôme: Anatembea.

Lucien: Haki ya Mungu? Nilimuacha anatambaa!

Jérôme: Anatembea. Iko hapa. Wote wako hapa karibu yangu.

Lucien: Mubebe juu kwa ajili yangu. Mwambie tonton Lucien atamutengenezea kakinga kadogo, kabaiskeli ka magurudumu matatu, bila fre ya kukasimamisha, kama ya baba yake.

Jérôme: Nitamwambia.

Lucien: Sauti yako iko chini. Uko mugonjwa?

Jérôme: Hapana. Ni rezo.

Lucien: Rezo ya Bunia inapunguza mutu sauti namna hii? Bon. Unaniuliza habari ya ekipe yangu ya mbio ao huniulizi?

Serge [kwa chini]: Ekipe gani? Ingia mu maneno.

Jérôme [anafunika simu]: Kila mara tunaanzaka na kinga. Nisipomuuliza atajua kuko kitu. [kwa simu] Nakuuliza. Ekipe iko namna gani?

Lucien: Inapumzika.

Jérôme: Ni saa ya mapumziko. Kila ekipe inapumzika mwezi huu.

Lucien: Wenzetu wanapumzika halafu wanaamuka. Yangu imelala moja kwa moja. Mukubwa wa ekipe aliniandikia ku simu: mwenye kutusaidia na feza ametoka, aksanti kwa kila kitu, mayo ubakie nayo. Basi nabakia nayo. Navaa mayo, jezi ya koreri mwenye kulipwa kukimbiza kinga, nikienda kuchota maji. Wamama wanapiga makofi. [anacheka] Ile barua nilisoma mara mingi, yaya. Nilikuwa natafuta kama kuko neno "mwakani". Haiko.

Jérôme: Pole, ndugu.

Lucien: Pole ya nini? Mutu mwenye nyumba yake ilichomwa analia juu ya mayo? Lakini nililia. Kwa nyumba sikulia, kwa ekipe nililia. Mama aliniona, akasema, huyu mutoto kinga imemula kichwa.

Jérôme: Alisema kweli.

Lucien: Sasa niambie weye. Masheria imebadilika? Ni mwezi wa kubishana huu, kila mwaka ni hivi, mbio zikilala midomo inaamuka. Mimi sijue kitu tena. Redio sina.

Jérôme: Redio ilienda wapi?

Lucien: Nitakuambia kiisha. Kitu cha mwisho nilisikia, walikuwa wanabishana huko Ulaya juu ya pisti. Mumoja anasema gido, usukani wa kinga, iwe pana, mikono isibanane. Mwingine anasema meno ya pinyo ya cheni ipunguzwe. Mwingine, ule nilitamani kumutupia kiatu mu redio, anasema ameriken itoshwe, ifutwe kabisa, ni hatari. Ameriken, yaya! Mbio yetu! Mumoja anakimbia, mwenzake anapumzika pale juu, halafu anashuka, unamushika mukono, unamurusha mbele. Wakitosha ile, kunabakia nini? Watu wanazunguka tu kama kuku mwenye kizunguzungu.

Serge [kwa chini]: Siku ya Mungu. Sema.

Jérôme: Lucien. Kuko mbio.

Lucien: Wapi?

Jérôme: Hapa. Ku pisti yetu. Siku ya Mungu, kiisha misa.

Lucien: Pisti yetu? Kumbe bado iko? Walisema waliweka mahema ya wakimbizi pale.

Jérôme: Mahema iko katikati. Pisti yenyewe inapita inje.

Lucien: Na ile kona ya choo? Ile tuliinua na mifuko ya muchanga?

Jérôme: Iko.

Lucien: [anapiga kelele] Mama! Mama, kuko mbio! —Hanisikii, iko mbali. Yaya, weye ni mutu mubaya, unanipigia unanyamaza, unaniacha nalia juu ya ekipe, kumbe uko na mbio mu mufuko! Kinga yangu bado iko kwako?

Jérôme: Iko kwa ukuta. Niliifunika na turubai.

Lucien: Na nani atanikimbiza?

Jérôme: Komite inataka ameriken. Weye na mimi.

Lucien: Kama zamani.

Jérôme: Kama zamani. Lakini... masheria imebadilika.

Lucien: Nilijua! Sema. Nini?

Jérôme: Mwaka huu tunazunguka kwa kuume.

Lucien: Alo? Rezo inakata.

Jérôme: Umesikia?

Lucien: Nimesikia "kuume".

Jérôme: Ndiyo. Kuume.

Lucien: Yaya, dunia nzima pisti inazungukwa kwa kushoto. Hata mu redio, hata ule wa kutosha ameriken hakusema kuume. Ni nani alisema?

Jérôme: Muzee Anselme.

Lucien: Muzee Anselme? Mwenye komite? Ule alinipiga na pompi mu mugongo juu nilizunguka kuume mara moja, siku ya antrenema, ya mazoezi tu, na pisti ilikuwa tupu?

Jérôme: Ule ule. Fikiri muzuri, Lucien. Muzee Anselme amesema kuume.

Serge [kwa chini]: Kuume?

Jérôme [anafunika simu]: Ni mambo ya komite.

Serge: Papa Ketsia, mimi nilipigaka kengele ya zunguko ya mwisho ku ile pisti.

Jérôme: Basi unajua komite namna iko.

Serge: Endelea.

Lucien: Yaya, uko unaongea na nani?

Jérôme: Na Mama Ketsia. Anauliza chumvi.

Lucien: Musalimie. Bon. Nimefikiri. Ile kona ya choo, mvua ilikula upande wa chini, siyo? Tulikuwa tunaingia mbio sana tukizunguka kushoto. Tukizunguka kuume, tunaingia na kona ya kanisa kwanza, ile haijabomoka. Ni vile?

Jérôme: Lucien...

Lucien: Ni vile! Muzee iko na akili, nilimuzarau bure. Vita inafundisha watu. Na kingine?

Jérôme: Kingine... [polepole] Kinga zote lazima ziwe na fre.

Lucien: Fre?

Jérôme: Fre.

Lucien: Ku kinga ya pisti?

Jérôme: Ku kinga ya pisti.

Lucien: Yaya. Uko muzima? Ku pisti fre inakatazwa, ndiyo sheria ya kwanza, mbele ya zingine zote. Mutu akifunga fre mbele yangu, nitapita juu ya kichwa yake.

Jérôme: Unakumbuka nilikufundisha nini? Siku ya kwanza kabisa? Mutu akikuambia weka fre ku pisti—

Lucien: —shuka, beba kinga yako, uende nyumbani!

Jérôme: Ndiyo. Ndiyo, Lucien. Ndiyo ile.

Lucien: "Juu ule mutu hataki mbio, anataka kitu kingine." [anacheka sana] Nakumbuka! Ulikuwa na mandevu mabaya siku hiyo! Lakini ile ilikuwa saa ya amani, yaya.

Jérôme: Sheria ni sheria, saa ya amani, saa ya vita.

Lucien: Ngoja, ngoja. Nafahamu. Kinga za pisti haziko tena Bunia, siyo? Zingine ziliibwa, zingine zilichomwa, imebakia yangu na yako. Watu watakimbia na kinga za sokoni, zile za kubeba makaa. Zote ziko na fre. Komite ikasema, basi, kila mutu fre, ili asiwe mutu mwenye kuzidi. Unaona? Haya ndiyo nasemaka, sheria ya mubaya inakuwaka na sababu ukitulia. Nitafunga fre. Nitafunga hata mbili.

Jérôme: Mungu wangu.

Lucien: Nini?

Jérôme: Hakuna kitu.

Serge [kwa chini]: Njia. Mwambie njia ya kupita.

Jérôme [anafunika simu]: Nafika. Mutoto ameamuka, Serge, wacha Mama Ketsia amubebe. Wacha amubebe tu, hatatoka.

Serge: Abebe. Akae chini.

[Mtoto analia kidogo, ananyamaza.]

Lucien: Ni Ketsia ule! Nimemusikia! Ketsia! Alo, Ketsia!

Jérôme: Lucien, nisikilize. Kuko sheria ya tatu.

Lucien: Leta.

Jérôme: Mu ameriken... hakuna kushikana mukono.

Lucien: Rudia.

Jérôme: Mimi sitakushika mukono. Ukikuja, sitakupatia mukono. Hakuna.

Lucien: [upepo tu]

Jérôme: Lucien?

Lucien: Ni komite ilisema, ao ni weye?

Jérôme: Ni sheria.

Lucien: Sheria. Mukono ya nani haishikwe? Ya kila mutu, ao ya siye watu wa kabila ya huku? Sema, yaya. Mimi siko mutoto. Kuume nilikubali. Fre nilikubali. Lakini ile ya mukono haiko sheria ya mbio. Ile ni vita imeingia ku pisti. Watu hawataki kuona mukono ya kwenu na mukono ya kwetu pamoja. Ndiyo?

Jérôme: Fikiri vile, basi. Fikiri vile na ukasirike.

Lucien: Unataka nikasirike?

Jérôme: Kasirika. Mimi, mutu akiniambia maneno kama ile, ningebakia kwetu. Ningebakia na mama yangu. Nisingetia muguu—

Serge: Papa Ketsia!

Jérôme: Aah!

Lucien: Ni nini? Ni nini imeanguka?

Jérôme: [anahema] Sufuria. Ketsia ameangusha sufuria.

Lucien: Imekuchoma?

Jérôme: Kidogo. Ku kidole.

Serge [kwa chini sana]: Bado vidole vingine.

Lucien: Weka maji ya baridi. Yaya, sikia. Mimi nitakuja.

Jérôme: Nini?

Lucien: Nitakuja. Nilikuwa natafuta sababu, juu kusema kweli niliogopa. Njia ni mubaya. Mama atalia. Lakini umenipa sababu. Weye ni yaya yangu, ulinishika mukono siku ya kwanza nilipanda ile pisti nikitetemeka kama kifaranga. Hakuna komite itanifundisha kwamba mukono yako iko na sumu. Zunguko ya kwanza, mbele ya watu wote, nitashuka na nitatoa mukono. Usinishike kama unaogopa. Mimi nitatoa. Watutoshe kama wanataka.

Jérôme: Usifanye vile.

Lucien: Nitafanya! [anacheka] Unasikia namna sauti yangu imerudi? Siku mingi sikujisikia mutu. Tangu ekipe ilale, niko tu mutu mwenye kupanga foleni ya unga. Siku ya Mungu nitakuwa koreri.

Serge [kwa chini]: Umesikia? Mwenyewe anakuja.

Lucien: Tena yaya, kuko kitu kingine. Serge, ule wa kengele, bado iko Bunia?

Jérôme: Iko.

Lucien: Nilisikia juu ya ndugu yake. Michel. Walisema walimukamata, wakamuua ku njia ya Tchomia, na samaki yake ku kinga. Nilishinda siku nzima bila kula. Michel alikuwa anatuleteaka samaki ya kukauka kiisha mbio, anakatala tusimulipe, unakumbuka? "Koreri hailipe, koreri inakulaka tu."

Jérôme: Nakumbuka.

Lucien: Basi sikia. Hapa walipita vijana wa kwetu na mapanga. Walikuwa na kinga ya langi ya kijani, tairi ya nyuma imetoboka. Waliniita, weye fundi, ziba. Nikaangalia, nikajua. Ile gido ilipinda upande mumoja, ni mimi niliipinda siku nilianguka nayo ku soko. Kinga ya Michel.

Serge: [anasogea karibu na simu]

Lucien: Niliziba, yaya. Ningefanya nini? Niliweka gundi mara mbili, ya kwanza nilikosea. Nilipomaliza nikawaambia, hii kinga niachieni, chukueni redio yangu, iko muzima, inashika stesheni zote. Wakabishana, halafu wakachukua. Ndiyo ile redio ilienda.

Jérôme: Ulitoa redio yako kwa kinga ya Michel.

Lucien: Haikuwa kinga ya kubakia huku. Niliifuta vizuri, kila kitu kilikuwa juu yake nilifuta. Na nitakuja nayo siku ya Mungu, nitapanda hiyo hiyo paka Bunia. Mbele ya mbio, mbele ya kwenda kwako, napita kwa Serge. Naiweka mu mukono yake. Sina neno la kumwambia, nitasema pole tu. Mwambie. Ao usimwambie, wacha anione.

Jérôme [anafunika simu]: Umesikia. Serge, umesikia na masikio yako.

Serge: [anageuza panga juu ya magoti]

Jérôme: Serge, kwa jina la Mungu.

Serge: Tairi ile aliyoziba, iliwabeba wao paka wapi?

Jérôme: Walikuwa na mapanga juu yake! Kama weye sasa! Mimi naye tuko tofauti gani?

Serge: Njia ya chini. Mwambie.

Lucien: Yaya, simu yangu inaanza kulia, moto wa betri unakwisha. Niambie upesi, napita wapi? Barabara kubwa, kwa waaskari, siyo?

Jérôme: ...

Lucien: Yaya?

Serge [kwa chini]: Mama Ketsia, simama.

Jérôme: Hapana! Hapana— njia ya chini. Pita njia ya chini.

Lucien: Ile ya daraja ya miti?

Jérôme: Ile.

Lucien: Waaskari haiko kule.

Jérôme: Haiko.

Lucien: Bon. Weye ukisema chini, ni chini. Mu ameriken mutu haangaliaki nyuma. Anatoa mukono tu, anajua mwenzake iko.

Jérôme: Lucien, yule mama yako anayekohoa—

Lucien: Mama nitakuja naye! Anataka kuona Ketsia. Nitamuweka nyuma ku kinga, hana uzito tena, maskini. Yaya, simu inalia, unaisikia? Naizima sasa, moto kidogo unaobakia niuwashe nikifika ku daraja, ukuje kunipokea. Funga mifuko ya muchanga ya kona ya choo ukiweza, na—

Jérôme: Na mama? Hapana, Lucien, mama hapana— Lucien! Usikuje! Hakuna mbio! Muzee Anselme alishakimbia zamani, pisti imejaa mahema, hakuna mbio, watakuua ku daraja! Usikuje! Unasikia? Usikuje!

[Simu: tu, tu, tu.]

Jérôme: Lucien?

Serge: Alikata ukianza kusema.

Jérôme: Lucien!

Serge: Kaa chini, Papa Ketsia. Alikata. Una bahati.

Jérôme: Niue, basi. Nimesema. Niue, uache hawa.

Serge: Sina kazi na weye. Nilisikia kila kitu kutoka mwanzo. Kuume. Fre. Mukono. Unafikiri nilipigaka kengele na macho imefungwa?

Jérôme: Ulijua?

Serge: Kuume ilinitosha.

Jérôme: Basi juu ya nini uliniacha niendelee?

Serge: Nilikuwa nasema mu roho yangu, akisikia, ni bahati yake. Akisikia, nitawaambia wale wa daraja hakushika simu. Nilikuwa nangoja. Kwa ile ya fre, nilisema, sasa amesikia. Hakusikia. Mutu ule anapenda mbio kupita kipimo.

Jérôme: Basi tufanye hivi. Weye mwenyewe uende ku daraja. Uwaambie anakuletea kinga ya Michel. Alitoa redio yake! Anakuja na mama yake nyuma!

Serge: Wataona kinga ya kijani mbele ya kuona uso wake. Michel hakuwa wangu peke yangu pale ku daraja. Wote alikuwa anawapa samaki.

Jérôme: Uko mukubwa wao!

Serge: Niko mukubwa wao leo asubui. Nikisema, huyu tumuache, nani ataniita mukubwa jioni? Wataniuliza, na weye uko upande gani? Nitajibu nini?

Jérôme: Utajibu ulikuwa unampigia kengele.

Serge: Ilikuwa kengele muzuri. Walikwenda nayo, wakaiyeyusha.

Jérôme: Serge, nipige tena. Mara moja tu.

Serge: Ameizima. Alisema ataiwasha ku daraja.

Jérôme: Mara moja.

Serge: Piga. Inite za kupiga ziko kidogo. Zikikwisha, unaleta simu, na hakuna mutu wa nyumba hii anatoka paka siku ya Mungu ipite.

Jérôme: Inaita— hapana. Haiiti.

[Sauti ya mashini: mutu unayemuita hapatikane kwa sasa. Unaweza kuacha ujumbe kiisha mulio.]

Jérôme: Alo? Lucien?

Serge: Ni mashini ile, Papa Ketsia.

Jérôme: Lucien, usikuje, unasikia? Mama abakie. Hakuna sheria mupya, niliongopa. Fre hakuna. Mukono nitakupatia, mukono iko. Tunazungukaka kwa kushoto, Lucien. Kwa kushoto, kama kila siku. Alo? Kwa kushoto...